Kifo Kisichoandikwa Kwenye Logi

Kabla hajaajiriwa kuchunguza programu za simu zinazokufa, Lorraine Desrochers alikuwa mpelelezi wa bima, kazi yake ikiwa mabanda ya ng'ombe yaliyoungua. Watu walimcheka alipohama. Yeye aliwajibu kwamba kazi ni ile ile, ila programu ikifa haina harufu.

Asubuhi hiyo aliitwa ofisini kwa bosi hata koti hajalivua. Bosi, Hollis Pember, alikuwa dirishani akitazama theluji ya Montpelier inavyogeuka tope barabarani. Ungemwona ungedhani kafiwa, na kwa namna fulani alikuwa kafiwa kweli, maana programu yake iitwayo Mchirizi ilikuwa inakufa mikononi mwa wateja katikati ya msimu wa maple, ile miti ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa shira.

Mchirizi ina kazi moja tu. Inafuatilia mipira inayokusanya utomvu kutoka mti hadi mti, na mpira ukivuja inampigia mwenye shamba kelele. Sasa msimu wenyewe ndio huo huo: usiku barafu, mchana jua, utomvu unashuka kwa wiki chache halafu basi mpaka mwaka ujao. Ukimwagika kwenye theluji umemwagika, huna wa kumlalamikia.

"Kaa, Lorraine."

"Nimesimama vizuri tu."

"Siyo wote inaowafia. Ni baadhi. Mtu anaifungua, inapumua kidogo, inajifunga. Ujumbe wa mzee Wendell umeusikia?"

Ofisi nzima ilikuwa imeusikia. Wendell Quackenbush ndiye aliyeitengeneza Mchirizi tangu ikiwa mstari mmoja wa msimbo, akastaafu vuli iliyopita, na sasa anachemsha utomvu wake mwenyewe huko kilimani nyuma ya Marshfield. Hollis alibonyeza simu hata hivyo, na sauti ya mzee ikajaa chumbani.

"Hollis, ni mimi. Tangu niondoke hapo mmeweka watoto wachezee msimbo wangu. Aliyefanya hivi hafai hata kufunga kamba za viatu vyake. Mfukuze, halafu ndiyo unipigie."

Hollis aliizima. "Mabadiliko ya mwisho aliyaingiza Kaylin Brodeur. Toleo limetoka, programu imeanza kufa. Unataka nini tena?"

"Sababu."

"Saa sita mchana naongea na wakulima wote kwenye simu ya pamoja. Watataka jina, na Wendell atakuwepo akinisikiliza. Usiponiletea jina jingine, nitatoa la Kaylin, na hapo unga wake umemwagika."

"Na kama siyo yeye?"

"Ndiyo maana nakulipa mshahara," alisema Hollis, akarudi dirishani.

Lorraine alimkuta Kaylin anapanga vitu kwenye boksi: kikombe, soksi za akiba, mmea mdogo uliokuwa umeshakata tamaa tangu Desemba. Kaylin aliajiriwa baada ya mzee kuondoka, na hawakuwahi kuonana.

"Unahama?"

"Najiandaa, dada Lorraine. Bosi kanipita mara kadhaa hajanisalimia, na leo kanikwepa kwenye mashine ya kahawa."

"Rudisha kikombe mezani kwanza. Nionyeshe ulichofanya."

Kaylin aligeuza skrini. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo ya kutia aibu. Mchirizi, kama programu yoyote, huandika mambo yake kwenye logi: nimewaka, nimesoma pampu, nimesoma mpira. Kila mstari wa logi huanza na lebo, yaani jina la sehemu iliyouandika, ili mtu akisoma ajue ni nani anayesema. Wakulima walikuwa wameomba programu isiandike ovyo na kula betri. Kaylin akaiongezea adabu: kila sehemu, kabla ya kuandika, iiulize simu kwanza kama inaruhusu maandishi ya lebo ile.

"Kwa hiyo kosa lako ni kubisha hodi."

"Kama ni kosa, ndilo hilo. Nimelijaribu kwenye simu zote za ofisini. Haikufa hata moja."

"Na logi za hao waliofiwa zinasemaje?"

"Hazijafika. Inakufa kabla haijazituma."

Lorraine hakupenda maiti isiyo na karatasi, ila hakushangaa. Hollis alichungulia mlangoni. "Umewafikiria wale washindani wetu wa ng'ambo ya ziwa? Wale wanaweza."

"Hollis, wale programu yao wenyewe imewashinda. Watapata wapi nafasi ya kuua ya kwetu?"

Bosi akaondoka na nadharia yake. Lorraine alivuta kiti, akaomba orodha ya wateja, akaanza kupiga simu. Kila aliyepokea, Lorraine alimuuliza swali moja ambalo ofisi nzima haikuwa imeliuliza.

"Simu yako ni ya lini?"

Wa kwanza, mama mmoja wa Cabot ambaye Mchirizi ilimfia, alijibu bila haya. "Ilikuwa ya mama mkwe. Alifariki nayo mkononi. Inasikia vizuri kuliko alivyokuwa anasikia yeye."

Wa pili naye alikuwa kafiwa. "Hii? Sijui ya mwaka gani, ila ilitumbukia kwenye shira inachemka, nikaitoa kwa koleo, na hapo hapo ikaita. Simu za siku hizi zinaweza hilo?"

Wa tatu alikuwa na simu mpya kabisa. "Mimi sina shida yoyote. Nani kakupa namba yangu?"

Aliendelea hivyo hivyo mpaka kahawa ikapoa. Wenye simu mpya walikuwa salama na wakali. Wenye simu za kale walikuwa wamefiwa wote, wakijisifia umri wa simu zao kama watu wanavyojisifia mbwa. Lorraine aliziangalia simu za majaribio zilizopangwa kwenye rafu ya ofisi, zote ziking'aa, hakuna hata iliyochubuka.

"Kaylin, hapa hakuna simu ya kale?"

"Bosi alizigawa zote kwa hisani Krismasi."

"Iliyo karibu kuliko zote iko kwa nani?"

Kaylin alitazama skrini. "Kwa mzee Wendell."

"Basi vaa koti. Na laptopu yako na waya."

"Dada, yule mzee ananichukia."

"Hakujui. Kumchukia mtu ambaye hujamwona ni kazi rahisi. Tukifika itabidi ajitahidi zaidi."

Barabara ya kilimani ilikuwa imeshalainika kama inavyolainika kila Machi, na pikapu ya Lorraine ilipanda ubavu ubavu, matairi yakitafuna tope hadi kwenye vioo. Kibanda cha kuchemshia kilionekana kwa mvuke kabla ya paa lake. Ndani, sinia refu la chuma lilikuwa likitokota juu ya moto wa kuni, na mzee Wendell, mrefu, ndevu zimelowa mvuke, alikuwa akiengua povu. Mkewe, Eunice, aliwapokea kwa donati na achari ya tango, kama ilivyo desturi ya vibanda vya huko, hata kabla ya kuuliza wametoka wapi.

"Huyu ndiye?" aliuliza Wendell, akimwelekezea Kaylin upawa.

"Huyu ni Kaylin," alisema Lorraine.

"Nilidhani ni mkubwa zaidi."

"Shikamoo, mzee," alisema Kaylin. "Na mimi nilidhani ni mfupi."

Eunice alicheka mpaka akaweka sahani chini. Wendell alirudi kwenye povu lake, lakini Lorraine, ambaye alikuwa amehoji wazee wengi kwenye majivu ya mabanda yao, aliona mabega yake yakishuka kidogo.

"Naomba simu yako, mzee."

Ilitoka mfuko wa ndani, imefungwa kwa mpira wa kufungia karoti, kioo kina nyufa pande zote. Lorraine aliifungua Mchirizi. Ikawaka. Ikaonyesha picha ya jani. Ikaonyesha pampu. Kisha ikajifunga, na pakabaki picha ya Eunice ameshika samaki.

"Mmeona?" alisema Wendell. "Niliwaachia mashine inayokwenda kama saa, mmenirudishia hii."

"Chomeka waya," Lorraine alimwambia Kaylin. "Tusome inasema nini inapokufa."

Kaylin alijaribu. Waya haukuingia. Alipiga tochi kwenye tundu, akainua macho. "Mzee, humu ndani mna shira."

"Msimu huu kila kitu kina shira. Huwa naichaji kwa kuilaza kwenye kile kisahani cha kuchajia bila waya."

Eunice aliipokea simu, akaenda dirishani na kijiti cha meno na kikombe cha maji moto. Alianza kuchokonoa, na ikawa wazi kwamba hiyo si mara ya kwanza.

Lorraine hakutaka kusubiri bure. Alichukua donati na kukaa juu ya gogo. "Tufanye kazi bila karatasi. Imeonyesha pampu, halafu ikafa. Baada ya pampu anafuata nani?"

"Mlinzi wa mivujo," alisema Kaylin. "Sehemu inayosoma mipira."

"Niliyoiandika mimi," alisema Wendell. "Haijawahi kukosea."

"Na hiyo sehemu ikiamka inafanya nini kwanza? Kabla haijasoma mpira hata mmoja."

Kaylin alifikiri. "Inaandika kwenye logi kwamba imeamka. Yaani siku hizi inauliza kwanza. Inaiambia simu lebo yake, simu inasema ruksa au hapana."

"Pampu nayo inauliza?"

"Inauliza vile vile. Msimbo ni ule ule."

"Na pampu haifi. Kwa hiyo hodi siyo iliyoua." Lorraine alifuta sukari vidoleni. "Wawili wamebisha hodi mlango mmoja, mmoja kakaribishwa, mwingine kapigwa risasi. Kilichowatofautisha ni jina tu. Lebo ya pampu ni nini?"

"Pampu."

"Na ya mlinzi wa mivujo?"

Kaylin alifungua laptopu juu ya mapipa, akatafuta. Kisha akaigeuza wote waone. Mstarini palikuwa pameandikwa, bila nafasi katikati: WendellThaddeusQuackenbush.

"Ah, hiyo," alisema Wendell, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa laini. "Ni zawadi yangu ya kustaafu. Pale ofisini ukiondoka hawakupi saa, wanakipa jina lako kipande cha programu. Mimi walinipa mlinzi wa mivujo. Jina kamili, nilisisitiza."

"Kaylin," alisema Lorraine taratibu, "hizo lebo zina kikomo cha urefu?"

Kaylin alikuwa ameshaziba mdomo kwa mkono. Alipoutoa, maneno yalimtoka haraka. "Zina. Kwenye simu za kale, herufi ishirini na tatu, haiongezwi hata moja. Zile mpya ziliondoa masharti hayo. Na simu ya kale ukiandika kimya kimya lebo ndefu, inakuvumilia. Ila ukiiuliza rasmi, haikuambii hapana. Inaiangusha programu nzima."

"Ndiyo maana vuli na baridi yote ilikuwa hai. Ilikuwa haijauliza."

"Mpaka mimi nikaifundisha adabu," alisema Kaylin kwa unyonge.

Wendell alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole. Vikamwishia, akahamia vya mkewe, ambaye alikuwa bado anachokonoa na hakufurahi kuazimwa mkono. Akarudia tangu mwanzo.

"Ishirini na sita," alisema mwishowe. "Haiwezekani. Simu niliyoinunua mwenyewe ilikatae jina langu?"

"Tayari," alisema Eunice, akimpa Kaylin simu. "Usiulize nimetoa nini humo."

Safari hii waya uliingia. Mchirizi ikawashwa, ikafa, na kwenye laptopu simu yenyewe ikatoa ushahidi wake kwa herufi nyekundu: lebo imezidi urefu wa herufi ishirini na tatu. Lorraine aliusoma mara mbili kama alivyokuwa akisoma ripoti za zimamoto.

"Kuna kitu kimoja hakijakaa sawa," alisema. "Kosa kama hili, kifaa cha kuandikia msimbo hakionyi?"

"Kinaonya. Kinapiga mstari mwekundu kabisa." Kaylin alisogeza skrini. "Na hapa kilionya. Ila kuna mtu alilizima onyo lenyewe. Siku hiyo hiyo lilipowekwa jina."

Wendell aliengua povu mahali ambapo hapakuwa na povu.

"Si ile siku ya keki?" aliuliza Eunice. "Si ndiyo walionyesha ukutani, ukatokea mstari mwekundu chini ya jina lako, wote wakacheka? Hollis akiwa ameshika kipanya akauliza, tufanyeje, mzee? Na wewe ukasema..."

"Najua nilichosema, Eunice."

"Ulisema, zima hilo, siku hizi nani bado anatumia simu za kale."

Lorraine aliitazama simu yenye mpira wa karoti. Kaylin aliitazama pia. Hakuna aliyehitaji kuuliza siku ile ilikuwa mfukoni mwa nani.

"Hii siyo ya kale," alisema Wendell. "Imezoeleka tu."

"Mzee," alisema Kaylin, "naweza kurekebisha sasa hivi, nikaiweka kwenye simu yako, kisha nikawatumia wengine. Tunafupisha lebo tu. Tukitoa Thaddeus, zinabaki kumi na nane."

"Thaddeus hatolewi. Ni baba yangu. Miti hii aliitoboa yeye kabla mimi sijazaliwa, na hiki kibanda unachokula donati ndani yake alikijenga yeye."

"Basi tutoe Quackenbush."

"Eunice ameolewa na hilo."

"Mimi nimeolewa na wewe," alisema Eunice. "Hilo nililikuta."

"Tukate herufi tatu za mwisho tu," alipendekeza Lorraine.

"Niitwe Quackenb? Kuna mtu anaitwa Quackenb? Wanunue simu mpya wote, yaishe."

"Mama wa Cabot ana simu ya marehemu mkwewe, mzee. Mwambie wewe."

Lorraine alitazama saa yake. Saa sita ilikuwa inakaribia, na alijua Hollis atafanya nini. Kulifuta jina la mzee aliyeijenga kampuni kungemuumiza; kulitaja la Kaylin kungemgharimu sekunde moja. Alikuwa karibu kulisema hilo waziwazi alipomsikia Eunice, ambaye alikuwa ameenda kuchungulia tangi kupitia mlango wa nyuma.

"Wendell, jua limewaka hivi na tangi halijapanda."

"Lazima lipande. Utomvu unashuka tangu asubuhi."

"Nakwambia halijapanda. Mchirizi wa mpirani umekuwa mwembamba kama uzi."

Kuna kindi wanaotafuna mipira, na kila mwenye shamba huku anawajua kwa kuwalaani. Mahali fulani kwenye kilima kile chenye mipira ya kutosha kufika mjini na kurudi, utomvu wa Wendell ulikuwa unamwagika, na aliyepaswa kupiga kelele alikuwa kanyamazishwa na jina la mwenyewe. Mzee aliuweka upawa chini, akasahau povu.

"Binti," alisema. "Kata. Andika unachotaka, nitakaa kimya."

Kaylin aliinama kwenye laptopu. Hakumuuliza mtu. Alifuta, akaangalia kilichobaki, akalirudisha onyo lililozimwa ili siku nyingine lipige kelele, kisha akaituma programu kwenye simu. Lorraine aliishika. Jani likaonekana. Pampu ikaonekana. Wote wakasubiri mahali ilipozoea kufia, na haikufa. Ikapiga kengele kwa sauti iliyomfanya Eunice aangushe achari.

Wendell alivaa miwani yake, akainama kwenye skrini ya laptopu ambako logi ilikuwa sasa inaandikwa mstari kwa mstari. Mmoja ulisema: Thaddeus: mpira unavuja, mteremko wa mashariki, juu karibu na ukuta wa mawe. Aliusoma kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

"Mimi umenitoa," alisema.

"Nimekutoa, mzee. Wewe na Quackenbush."

"Baba umemwacha."

"Yeye anaenea."

Simu ya Lorraine ikaita. Alikuwa Hollis, na nyuma yake zilisikika sauti za wakulima wakijiunga mmoja mmoja, wakikohoa na kuulizana nani ni nani. "Lorraine, wote wako hapa. Nipe jina."

Kabla hajajibu, mkono mkubwa wenye shira uliichukua simu.

"Hollis, ni Wendell. Mhalifu amepatikana, ni mimi. Wewe ndiye uliyeshika kipanya, lakini aliyesema zima ni mimi, na Eunice ni shahidi. Waambie hivyo hivyo, kwa majina yangu yote matatu. Ule ujumbe wangu ufute. Na huyu binti akikosa kazi kwa ajili yangu nitashuka huko na tope langu lote." Alisikiliza kidogo. "Hapana, sina nafasi ya kuongea nao. Utomvu unamwagika."

Akamrudishia Lorraine simu ikiwa inanata. Akatoa mabuti ya ziada nyuma ya mlango na kuyatupa miguuni mwa Kaylin, na koleo pamoja nayo.

"Vaa twende," alisema. "Baba anasema mteremko wa mashariki."